Nimekisikia kinu kitupu

Ijumaa, jioni.
Dada Somoe, na wenzangu wote mnaosoma,

Leo masikio yangu yamemwaibisha mtu.

Mnanijua. Kwa mlio wa kinu tu naweza kusema nani anatwanga, na kama ni mhogo au mahindi.

Asubuhi jirani yangu (jina nalisitiri, alikimbia vita kwao Awasse) alikuwa akitwanga uani kwake. Mlio ulikuwa mkavu, mti kwa mti.

Mimi niko kisimani na wanawake wengine. Nikapaza sauti:
"Mwenzangu, kinu hicho mbona kitupu? Unatwanga upepo?"

Wote wakacheka.

Mchi ukanyamaza.

Ndipo nikaelewa. Alikuwa akitwanga ili tusijue kwamba leo hana cha kuwapikia wanawe.

Marehemu mama alikuwa na masikio haya haya. Akisikia kinu cha namna hiyo hasemi neno. Anapeleka unga kwa mlango wa nyuma: "Nisaidie unga huu, kwangu utaliwa na wadudu."

Mchana nimepeleka unga. Amepokea kwa mikono miwili, macho chini.
"Ahsante, dona."

Dona, kama mtumishi anavyomwita bibi wake. Jana nilikuwa shoga yake.

Niambieni, namrudiaje? Na mkiomba dua, mnikumbuke.