Simu Niliyoifungia Kabatini

Simu iliyokuwa inalia kabatini ilikuwa ya binti yangu. Ufunguo ulikuwa mfukoni mwangu. Niliiacha ilie mpaka ikanyamaza yenyewe.

Naitwa Birindwa, naishi Gihosha, hapa Bujumbura. Binti yangu Benite ana miaka kumi na saba na haachi simu. Nilikuwa namwita "Kizazi Z" kama vile ni ugonjwa. Yeye anacheka, ananiambia mi ni wa kizazi cha redio.

Jumapili ile tulitoka kanisani mvua inanyesha vibaya. Mezani Benite ameinama tu, anaandika. Hasira zikanipanda. Nikampokonya simu, nikaifungia.

Ilipolia, akaomba aangalie tu ni nani.

"Apana," nikamwambia. "Leo utaongea na watu."

Ikalia tena. Na tena.

Mi nikaingia kwenye grupu ya WhatsApp ya wababa wa parokia. Nikaandika kwamba vijana wa leo wamepotea, hawajui hata kusalimia wazee. Grupu ikawaka moto. Kila mtu akaleta kisa cha mtoto wake. Tulicheka mchana mzima.

Jioni akaja Odette, jirani wa mama yangu kule Buterere, amelowa chapachapa.

Maji yalikuwa yameingia nyumbani kwa mama. Alijaribu kupanda juu ya meza, akateleza, akavunjika mguu. Alilala kwenye tope, maji yanapanda, mpaka Odette akasikia sauti yake, akamfikisha hospitali.

Hospitalini Benite aliingia mbele yangu. Mama akamshika uso, akamuuliza kwa nini alimwacha katikati ya maongezi, yeye mama akapiga na kupiga bila jibu, wakati wao huongea kila Jumapili.

Kila Jumapili. Mi sikujua.

Kumbe pale mezani alikuwa anamwandikia koko wake, bibi yake huyu.

Benite akanitazama, halafu akageuza macho.

"Unisamehe koko. Simu ilizima."

Mutoto alinifichia aibu yangu. Nilitamani ardhi inimeze.

Nikajikaza, nikamwambia mama kwamba angenipigia mi.

"Nilikupigia na we, mwanangu," akasema polepole. "Ukakata. Nikajua uko kwenye kazi."

Nikakumbuka: nikiwa naandika habari za vijana wasiojali wazee, simu iliingia juu ya maneno yangu. Niliisukuma pembeni bila kusoma jina.

Kwenye korido nilimwomba Benite msamaha. Akafuta machozi, akasema twende tumtafutie koko chai.

Sasa mama anaishi kwetu, anatembea kwa mkongojo. Anajisifu kwa majirani kwamba mwanawe ni mtu wa kazi nyingi. Kila akisema hivyo natoka nje. Bado sijapata mdomo wa kumwambia ukweli.

Wewe mzazi unayesoma hapa, mtoto akiinamia simu, muulize kwanza anaongea na nani. Jina la kumpa litasubiri. Halafu angalia yako, nani amekupigia leo ukamkata.