Tulivyoziba Njia ya Mwalimu

Nilikuwa nimekwama kwenye msongamano wa Valley Road, Jumatatu asubuhi, binti ya Mwalimu aliponipigia simu kuniambia kwamba babake ametuacha. Mwalimu alikuwa mzee wa Kikamba aliyefundisha watu kuendesha gari katikati ya jiji la Nairobi kwa miaka mingi, akitumia kigari kidogo chenye kibao cha L cha wanaojifunza juu ya paa, nami nilikuwa mwanafunzi wake. Nilishusha kioo nipate hewa. Aliyekuwa nyuma yangu akapiga honi, kwa sababu mbele kulikuwa kumepatikana nafasi ya hatua tatu. Nimechoka na jiji hili, wasomaji wangu, na asubuhi ile nilichoka zaidi.

Mwalimu alipenda kutupeleka Lavington, kwenye barabara zile za kuta ndefu na walinzi getini, akisema mtu akivumilia madereva wa huko atavumilia wa kokote. Siku moja jigari jeusi lilichomoka getini bila kuangalia kushoto wala kulia. Haki ya njia ilikuwa yangu. Nilinyoosha mkono kupiga honi, naye akaushika. "Mpishe," akaniambia. "Huyo ako na haraka yake, wewe uko na yako. Usibebe mbili." Wakati ule nilimwona mwoga tu.

Miaka ikapita, nikajaliwa kununua jigari langu, refu hata mke wangu hulipanda kama anayepanda ngazi. Nililipeleka mjini nikamwonyeshe Mwalimu, nikitarajia hongera. Alilizunguka polepole, akauliza tuko wangapi nyumbani. Nikamwambia watatu. "Na hizi viti zingine ni za nani?" Kisha akaniambia nikae kwenye usukani, akaenda akachuchumaa mbele ya boneti, mtu mzima na suti yake, akaniuliza kwa sauti kama namwona. Sikumwona hata kofia. Alipoinuka alijipangusa magoti, akanitakia safari njema.

Sijui ni lini tulianza kununua magari kwa kumtazama jirani. Mtu mmoja asiye na mizigo huenda kazini katika gari linaloweza kubeba kwaya nzima ya kanisa, na akipishwa hainui hata kidole kushukuru. Ametundikwa juu huko, vioo vyeusi, kana kwamba sisi wa chini ni mashimo ya barabarani. Nasema "sisi wa chini" na mimi mwenyewe niko juu. Nyani haoni kundule.

Siku ya kumsindikiza, mwili ulikuwa upitishwe nyumbani kwake Mutuini, pembezoni mwa jiji, kwa maombi, kisha safari ndefu ya Ukambani kwa maziko. Mkewe alikuwa amepooza upande mmoja na hangeweza kusafiri, kwa hiyo pale nyumbani ndipo pekee angeagana naye. Sisi wanafunzi wa zamani tulitaka kumheshimu Mwalimu, na heshima tunayoijua Nairobi ni kuja na gari kubwa. Tuliwahi mapema, tukafuatana kwenye kinjia kile kati ya ua wa shamba na nyumba mpya za kupangisha, mpaka getini. Gari lililobeba jeneza likaja mwisho, likakuta njia imeziba. Mbele yetu hapakuwa na pa kugeuzia. Nyuma, kila mmoja alimngoja mwenzake arudi kwanza. Tulibishana, tukaelekezana kwa mikono, tukakwangua ua wa watu. Hatimaye vijana walilibeba jeneza mabegani, wakalipitisha ubavuubavu huku tukikunja vioo vya pembeni. Nilikaa ndani nikilitazama likipita, maana wakati huo hata mlango haukuweza kufunguka. Niliona aibu ambayo sijaiona tangu utotoni.

Nusu saa ilikuwa imepotea na saa ya kuondoka ilikuwa imefika; wakichelewa zaidi, giza lingewakuta kaburini. Mchungaji alifupisha maombi. Mama, mkewe Mwalimu, alisukumwa kwa kiti chake cha magurudumu hadi kwenye jeneza, akaanza kumsemesha mumewe kwa Kikamba, na alikuwa bado anaongea kifuniko kiliporudishwa.

Vijana walipokwisha kulirudisha jeneza garini na gari kuondoka, nilimwendea Mama, nikapiga magoti, nikamwomba msamaha kwa yale magari. Alinitazama bila hasira. "Hiyo si kitu, mwanangu," akasema. "Huyo alizoea kuwapisha."

Gari bado ninalo, na sitajifanya mtakatifu hapa. Lakini wewe unayetafuta gari, kabla hujauliza ukubwa wa injini, pima kwanza upana wa njia ya kwenda kwa mtu unayempenda. Ukiiona nyembamba, liache barabarani utembee. Yule mama alihitaji nusu saa tu na mumewe, nasi tuliikalia ndani ya magari yetu.