Miarobaini Chini ya Waya

Niliporudi Ushetu kutoka machimbo ya Geita, shamba langu la tumbaku lilikuwa pori. Hilo nililitarajia. Nisichokitarajia ni miarobaini michanga iliyosimama mstari mmoja kama imepigiwa kamba, ikikata kona ya shamba kuelekea nyumbani kwa jirani yangu, mama mjane. Kwetu mtu hapandi miti mstari hivihivi tu. Ikishakua, huo ndio mpaka, na kona imekwenda.

Nikamwendea.

"Shikamoo mayu."

"Marahaba baba. Dhahabu umeileta?"

"Mayu, ile miti kapanda nani?"

"Ndege."

Alijibu bila hata kuacha kupeta mchele. Nikaona ananifanya mtoto. Ndege gani anajua kupiga mstari?

Labda ningemuuliza vizuri zaidi, lakini nilikwenda moja kwa moja kwa mwenyekiti wa kitongoji. Kesho yake asubuhi akaja. Mimi nimeinama, namwonyesha mashina. Yeye akatazama juu.

"Na huu waya?"

Ulikuwa waya wa umeme, uliovutwa kwenda kwa yule mama nikiwa machimboni. Tangu nirudi nilikuwa nimepita chini yake bila kuutazama. Ndege wenye vichwa vyeusi walikuwa wamejipanga pale. Wanakula matunda ya mwarobaini mkubwa wa uani kwake, wanakuja kupumzika kwenye waya, wanadondosha kokwa. Chini zilikuwa zimetapakaa, nyingine zimeshachipua.

"Haya, washtaki," akasema mama, ambaye alikuwa ametufuata pale. "Wote wale pale juu."

Mwenyekiti akacheka. Mimi nilishindwa kucheka, maana mashina matatu ya mwisho, bado ndani ya shamba langu, yalikuwa yamepaliliwa. Nikauliza.

"Nimepalilia mimi," akajibu. "Mti ukiota wenyewe, kuupenda ni kosa?"

Kusema haki, si kosa. Na kupalilia si kupanda. Lakini mti ukishapaliliwa miaka kadhaa, nani atamwambia aliyeupalilia kwamba si wake? Nikaomba yote iliyo shambani kwangu ing'olewe, na mwenyekiti atamke kwamba kinachoota chini ya waya si mpaka. Akatamka.

Mama akaleta jembe lake mwenyewe, akaanza kung'oa kabla yangu, tena haraka kuliko mimi. Nikawa namtazama. Mtu asiye na nia na kona yangu angeng'oa vile. Na mwenye nia, akishashtukiwa, naye angeng'oa vilevile.