Dume Linaloziba Mlango

Mwaka 1974, nikiwa na miaka kumi, ukame ulimaliza ng'ombe wa baba, nikatolewa darasa la tatu nikachunge mifugo ya watu. Elimu yangu iliishia hapo. Nalitaja hili ujue ni mtu wa namna gani aliyekaa nyuma ya binti yake amfundishe kompyuta.

Binti yangu wa mwisho alisomea kompyuta chuoni, akarudi hapa Ilongero akakaa miaka miwili bila kazi. Mwaka jana kampuni moja ya Dodoma ikamtumia mtihani wa kufanya kwenye mtandao, saa moja tu, ukishindwa basi. Mtandao unashika vizuri kwenye mashine yangu ya kukamua alizeti, kwa hiyo nikaizima apate utulivu. Wateja wenye magunia wakauliza kuna nini. Nikawajibu tunafanya mtihani. Ndiyo, nilisema tunafanya.

Swali la mwisho likamkwamisha. Nikataka anieleze, labda nitamsaidia. Akanieleza kwa ng'ombe, maana ananijua. Ng'ombe wanaingia zizini mmoja mmoja. Unachagua baadhi bila kuwapanga upya, na kila unayemchukua awe mzito kuliko uliyemchukua kabla yake. Mstari mrefu kuliko yote utakuwa na ng'ombe wangapi? Programu yake ilikuwa inajaribu kila namna ya kuchagua, na ng'ombe wakiwa wengi ilichelewa mno, mtihani ukaikataa.

Nikacheka. "Hilo tu? Anza na dume. Ndilo linalotangulia zizini."

"Nikianza na dume, baba, nani wa nyuma yake atakuwa mzito kulizidi?"

Nikamwambia sijawahi kuona mfugaji anayechagua ng'ombe akaliacha dume. Nikaingia na habari za dume langu nililolinunua Manyoni, jinsi lilivyokataa kupanda lori, huku muda ukizidi kupungua kwenye kioo. Akageuka.

"Shikamoo, baba."

Alikuwa ameshaniamkia asubuhi. Nikaitikia marahaba, nikijua nimefukuzwa.

"Dume lako linaziba mlango," akasema, taratibu kabisa, "na wewe unaniziba mimi. Naomba ukae nje."

Nikakaa nje na wenye magunia. Wakauliza mtihani unaendaje. Nikawaambia sehemu ngumu tumeshavuka, namwachia amalizie.

Alipotoka alikuwa anacheka. Programu ilikuwa imepita. Akanieleza kwamba kwa kila urefu wa mstari aliiambia ikumbuke ng'ombe mwepesi kuliko wote anayeweza kusimama mwisho. Anayekuja akiwazidi hao wote uzito, anaongeza urefu. Asipowazidi, anachukua nafasi ya wa kwanza aliye mzito kama yeye au zaidi. Nafasi hiyo haitafutwi kwa kuuliza kila mmoja. Unatazama wa katikati, unaacha nusu nzima, unatazama tena.

"Kwa hiyo unatoa dume unaweka ndama?" nikauliza.

"Ndiyo, baba. Urefu haupungui, ila sasa wengi wanaweza kufuata nyuma yake."

Iliniuma kama dume limeuzwa kweli.

Kazi aliipata, yuko Dodoma. Watu wakiuliza nani alimfundisha, huwa nakohoa.

Leo nina mashine ya kukamua, nyumba ya bati, pikipiki, shamba la alizeti, mbuzi, ng'ombe wa kunitosha, na dume lile la Manyoni. Bado linatangulia, na kila jioni wenzake wanasimama nyuma yake wakingoja litoke mlangoni.