Vishikwambi Viwili na Maneno ya Sharon

Mariana wa Kasense ni mtu wa wasiwasi, na wala hafichi. Maziwa yakiwa jikoni habanduki, yasije yakafurika. Mumewe Lazaro akisafiri kwenda Kirando kununua samaki, simu yake haipoi mpaka aseme amefika. Majirani wamemzoea, humtania: "Mama Sharon, leo wasiwasi wa nini?" Naye hucheka, halafu huwaambia kweli ni wa nini, mpaka wanajuta kuuliza.

Lakini juma lile la mwisho wa likizo ya Julai, baridi ikiuma masikio na kila mtu na sweta lake, hakuna aliyemtania. Walijua.

Sharon, mwanawe wa pekee, ana miaka minane na hasemi. Anasikia vizuri, anaelewa kila kitu, na utundu anao wa watoto watatu, ila neno halijawahi kumtoka mdomoni. Miaka mitatu nyuma sista mmoja wa kliniki aliwapa iPad ndogo iliyotumika, yenye picha. Unagusa picha ya kikombe, inasema "Naomba maji." Sauti mnaingiza wenyewe. Mariana alikuwa shambani kutwa, kwa hiyo kazi hiyo aliifanya mama yake, Bibi Valeria, amekaa kwenye kigoda chake, anatamka neno moja moja kwa sauti nene yenye lafudhi ya Kifipa, na kikohozi hapa na pale. Yalifika maneno mia mbili na zaidi. Bibi Valeria alifariki mwaka jana. Sauti yake ikabaki mle ndani, kila siku inaomba maji, inaomba uji, inasema imechoka.

Sasa kishikwambi chenyewe kilikuwa kinakata roho. Kioo kimepasuka, na chaji haiingii mpaka uukunje waya na kuukandamiza kwa jiwe.

Na Jumatatu shule inafunguliwa. Kabla ya likizo Sharon alikuwa amekaa darasa la kwanza wiki mbili za majaribio, na siku ya mwisho alijikojolea darasani. Mwalimu Adela, mwanamke mpole asiyezunguka na maneno, alimwita Mariana pembeni. "Mama Sharon, kutosema si tatizo. Tatizo ni mimi kutojua kwamba mtoto ana shida. Tukifungua nitampa wiki moja tena. Akishindwa kuniambia haja zake, mkuu wa shule anataka aende shule ya bweni, mkoa mwingine."

Bweni! Mtoto asiyeweza hata kumwita mtu! Neno hilo lilimkaa Mariana kifuani likizo nzima kama tonge lililokataa kushuka. Aliamini kosa ni la kishikwambi, kwamba kilizima mtoto akikihitaji. Akauza ulezi aliokuwa ameuweka, na Jumamosi asubuhi akapanda bodaboda kwenda Majengo, yeye, Sharon, na Bertilla, mtoto wa dada yake anayeishi nao, wa darasa la nne shule hiyo hiyo.

Felisiani, fundi simu, aliwapokea kwa heshima. "Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Nina shida, na usinifiche kitu."

Sharon naye alichuchumaa kidogo akapiga makofi taratibu, kama Bibi alivyomfundisha kuamkia wakubwa. Felisiani akamwitikia marahaba yake, kisha akaweka mezani vishikwambi viwili vidogo, karibu sawa kwa ukubwa.

"Hii ni iPad kama yenu, imetumika. Hii ni Android, mpya kabisa. Kila moja ina mfumo wake, mama. Maneno yenu yote nayahamishia kwenye hii iPad leo leo. Kwenye Android hayaji, ile programu yenu ni ya mfumo wa iPad tu. Huku ipo nyingine ya kufanana nayo, lakini mnaanza na neno la kwanza."

"Basi nipe iPad! Mbona unanitisha?"

"Ngoja, umesema nisikufiche. Betri yake imechoka. Saa sita mchana iko hoi. Hii Android inakaa mpaka jioni."

Shule inatoka saa nane na nusu. Mariana alihesabu kwa vidole, mara mbili, kana kwamba saa zingepungua. "Betri si inabadilishwa?"

"Mpaka tuagize Dar. Wiki tatu hivi, na siwezi kukuapia kwamba itakuja nzima."

Wiki tatu, na yeye ana wiki moja! Akampigia Lazaro. Lazaro akasema, "Amua tu, mke wangu, vitu hivyo mimi sivijui," akakata. "Asante sana, baba Sharon, umesaidia mno," Mariana akaiambia simu iliyokwisha kukatika.

Akatoka nje. Akamuuliza mama aliyekuwa anachoma mahindi barazani, ambaye hakuwa na kishikwambi wala hakutaka. Akarudi ndani. Akataka kuambiwa tena kuhusu mifumo, Felisiani akarudia, kijana ana subira yule. Akaigusa Android akaiona nyepesi, akaogopa itavunjika. Akaishika iPad akaiona nzito, akaogopa itaanguka.

"Nikichukua hii mpya," aliuliza mwisho, sauti imeshuka, "mama yangu anabaki wapi?"

"Nani, mama?"

"Ile sauti. Ni ya marehemu mama yangu."

Felisiani akaacha bisibisi. "Inabaki kwenye ile ya zamani. Mpaka siku itakapozima."

"Itazima lini?"

"Hilo Mungu ndiye anajua, mama."

Mariana hakuweza. Mtoto akose maneno mia mbili, na mama yake afe mara ya pili, yote kwa mkono wake? "Nipe iPad. Ya betri nitajua mwenyewe."

"Mama mdogo, usichukue hiyo." Alikuwa Bertilla, anaangalia viatu vyake.

"Kwa nini?"

Bertilla akamtazama Sharon, Sharon akainamisha kichwa. "Wanamcheka. Akigusa, inasema kama bibi kizee, na inakohoa. Wanamwambia ana bibi tumboni. Siku ile haikuzima, mama mdogo. Alikuwa nayo mkononi. Hakutaka kuigusa."

Mariana alisikia joto la aibu limempanda mpaka kwenye masikio. Kwanza alitamani kuwafinya watoto wote wa darasa la kwanza, mmoja mmoja. Halafu akaona vibaya zaidi. Sauti aliyoitunza kama dhahabu ndiyo iliyomfanya mwanawe achague kujikojolea. Na yeye amemuuliza fundi, amemuuliza mume, amemuuliza muuza mahindi. Mwenye maneno hakumuuliza.

Akachuchumaa. "Sharon, mama. Wewe unataka kipi?"

Sharon hakuonyesha kwa kidole. Aliichukua Android, akabonyeza pale Felisiani alipobonyeza wakati anaeleza namna ya kuingiza sauti, kisha akaisogeza mdomoni kwa Bertilla.

"Naomba kutoka," akasema Bertilla.

Sharon akabonyeza. "Naomba kutoka," kikasema kishikwambi, kwa sauti ya mtoto wa kike wa Kasense. Akabonyeza tena. Na tena. Alicheka kimya kimya, mabega yanaruka. Mariana machozi yakamtoka waziwazi, wala hakujali kwamba ni dukani kwa watu.

Jumapili baada ya misa walikaa kuingiza maneno. Mariana anataja, Bertilla anatamka. Tumbo linauma. Nimeumia. Nimepotea. Nasikia baridi. Kuna mtu ananipiga.

"Na ya kucheza, mama mdogo?"

"Ya kucheza baadaye. La kuumwa na nyoka tumeweka?"

"Nyoka darasani?"

"Weka, nimesema!"

Jioni wasichana walikichukua kishikwambi wakajificha nacho nyuma ya nyumba, na vicheko vikasikika huko. Ile ya zamani ilibaki rafuni, waya chini ya jiwe. Sharon alipotaka uji aliuomba kwa hiyo, na Bibi Valeria akauomba kwa kikohozi chake, na humo ndani hakuna aliyecheka.

Jumatatu Mariana alimpeleka mtoto mpaka mlangoni mwa darasa, halafu hakuondoka. Alisimama ukutani karibu na dirisha, kitenge kimefunika mpaka kichwa. Saa ya kwanza ikapita. Ya pili ikaanza. Je, kama amesahau jinsi kinavyowashwa? Je, kama wamecheka tena? Miguu ilimfa ganzi kwa baridi.

Kisha akasikia: "Naomba kutoka."

"Nenda, Sharon," akasema Mwalimu Adela, akaendelea na herufi zake.

Basi. Hakuna aliyecheka. Watoto wawili waligeuka, wakarudi kwenye madaftari yao. Pumzi aliyoibana likizo nzima ikamtoka Mariana. Lakini kuondoka? Aa! Chaji je? Akabaki.

Kengele ya mapumziko ikalia, watoto wakamiminika nje, na Sharon akiwa na wenzake watatu wanaburutana. Alipomwona mama yake alisimama ghafla. Mariana akamfuata mbio: "Kinafanya kazi? Bado kina chaji? Mbona sweta umelifungua? Kuna mtu amekuchokoza?"

Sharon alitafuta picha kwa kidole, bila haraka. Haikuwa kati ya zile walizoweka Jumapili mezani. Ilikuwa picha ya Mariana mwenyewe, aliyopigwa bila kujua, amesimama jikoni anayalinda maziwa. Sharon akaigusa.

"Mama, nenda nyumbani."

Wenzake wakaangua kicheko, na Sharon akacheka nao, amejishika tumbo. Miaka minane Mariana alikuwa akimsubiri mwanawe amwambie kitu ambacho hakuna mkubwa aliyemwekea. Akajifunga kitenge vizuri, akashika njia ya nyumbani.