Siku Tisa za Kungoja Mkojo

Ndugu zangu mnaojiandaa kuendesha baiskeli hadi Kajiado, kabla hamjakagua matairi, nitazameni mimi. Naitwa Wafula, mchonga mawe wa hapa Kitengela. Ninasimama mbele yenu na figo mbili zilizowahi kulala, na hadi leo nikizifikiria mwili hunisisimka.

Kabla ya ugonjwa nilijiona chuma. Ujana wangu ulikwisha kule Busia, nikivusha abiria na magunia yao mpakani kwa baiskeli. Miaka ya tisini nikaja Kitengela, nikaingia machimboni, na kwa miaka sita sikugusa pedali. Lakini kifua kilikuwa kipana na mikono migumu, nami nikadhani mwili wenye nguvu za nyundo una nguvu za baiskeli pia. Huo ulikuwa ujinga wangu wa kwanza.

Wa pili ulikuja kwa njia ya maombi. Kanisa letu lilikuwa linafungua tawi Kajiado, na wanaume tukakubaliana kwenda kwa baiskeli na kurudi siku hiyohiyo. Pasta akatuomba tufunge siku tatu. Alisema waziwazi, "Chakula muache, lakini maji mnywe." Wenzangu walikunywa. Mimi nikafunga kavu, bila hata tone, huku nikipasua mawe juani. Nilitaka watu waseme Wafula ana imani kuliko wote na ana miguu kuliko wote.

Mke wangu Nekesa alinionya. "Baba Simiyu, Mungu hajakuomba ukauke."

Nikamjibu kwamba wanawake hawajui mambo ya baiskeli. Jamani, sikio la kufa!

Siku ya safari upepo ulikuwa usoni na jua utosini. Tulipopita Isinya mapaja yalianza kutetemeka yenyewe. Kando ya barabara alikuwako mama mmoja Mmasai aliyeuza maziwa, akatuita tupumzike. Wenzangu wakasimama. Mimi nikapunguza mwendo tu.

"Kuja ukunywe maji wewe! Midomo yako imepasuka."

"Asante yeyo," nikamwambia, kwa maana ndivyo Wamasai wanavyomwita mama. "Niko na nadhiri. Nitakunywa nikifika Kajiado."

Akatikisa kichwa. "Hata ng'ombe anajua kusimama kwa kisima."

Nilifika wa kwanza. Watu wakapiga makofi, nami niliposhuka miguu ikanikatika nikaketi chini kwa lazima. Nikanywa kikombe cha chai, kikarudi chote. Palikuwa na lori la kuwabeba waliochoka, lakini aibu ilinikataza kulipanda. Nikarudi Kitengela kwa pedali.

Kesho yake mapaja yalikuwa yamevimba na kukakamaa kama mbao. Chooni sikuweza kuchuchumaa. Nilipokojoa kwa kusimama, mkojo ulitoka mweusi kama chai ya rangi iliyochemka mno. Niliogopa, lakini sikumwambia mtu. Nikanunua vidonge vya maumivu dukani, nikameza kupita kiasi, na rafiki yangu wa machimboni akanikanda kwa mafuta ya moto. Siku ya tatu mkojo ulikatika kabisa. Uso ukavimba, kwikwi ikanishika, nikawa natapika hata maji. Nekesa akanibonyeza mguuni, na alama ya kidole chake ikabaki pale kama kwenye unga. Alitoka kwenda kumwomba jirani gari.

Hospitalini Nairobi nilipokelewa na Daktari Halima, binti wa Garissa, mpole wa sauti lakini asiyeficha neno.

"Mzee, misuli yako imevunjika," alisema. "Uchafu wake umeingia kwa damu ukaziba figo, na hukuwa na maji ya kuusukuma. Hizo dawa za maumivu zimeziumiza zaidi."

"Zitapona?"

"Zinaweza kuamka. Zinaweza pia kukataa. Tutakusafisha damu na mashine, halafu tungoje."

Mashine yenyewe ilikuwa kubwa kama kabati. Niliiona damu yangu ikitoka kwa mrija mmoja na kurudi kwa mwingine, saa nyingi, mashine ikinguruma. Nikamuuliza daktari figo ni kubwa kiasi gani. Akakunja ngumi. Ngumi mbili tu! Kazi yote ile zilinifanyia kimya miaka yote, hata nikiwa nimelala, na sikuwahi kuzishukuru hata mara moja. Nililia pale kitandani, na wala si kwa maumivu.

Kila asubuhi muuguzi alikuja na chupa ya kupimia, akaondoka nayo kavu. Siku moja Nekesa alishindwa kujizuia, akaomba kwa sauti, "Mungu wangu, mpe mume wangu mkojo!" Wodi nzima ikacheka. Kisha mzee wa kitanda cha pili akasema Amina, na wote wakamfuata.

Siku ya tisa tangu nilazwe, nilisikia kitu nilichokuwa nimekisahau. Vilitoka vijiko viwili hivi, rangi ya kahawia. Muuguzi akainua chupa dirishani kwenye mwanga, nasi tukaitazama kana kwamba ni dhahabu. Daktari Halima akasema "Alhamdulillahi", Nekesa akasema "Haleluya", nami nikaomba kuishika ile chupa. Ndugu zangu, nimeona mambo mengi, lakini sijaona ajabu kama ile.

Niliporudi nyumbani miguu ilikuwa imekonda. Wiki za kwanza nilitembea hadi getini, Nekesa akinishika mkono. Miezi ikapita kabla daktari hajaniruhusu baiskeli, na aliniagiza nianze kama mtoto: hadi posho mill ya kusagia unga na kurudi. Kila wiki nikaongeza kidogo. Nikichoka leo, kesho napumzika. Nilikula ugali na maharagwe kabla ya kutoka, na nilikunywa maji kabla kiu haijanikumbusha.

Zaidi ya mwaka baadaye nilishika tena barabara ya Kajiado. Nikasimama Isinya kwa yule mama wa maziwa, nikamsalimu kwa Kimasai.

"Takwenya, yeyo."

"Iko," akaitikia, kisha akanikazia macho. "Wewe si yule wa nadhiri?"

Akanipa maji kwenye bakuli, akasimama kuhakikisha nimeyamaliza. Nilipofika Kajiado nilienda nyuma ya kichaka, nikaangalia mkojo wangu. Ulikuwa mweupe karibu kama maji. Nikavua kofia, nikasimama pale nikimshukuru Mungu.

Basi fungeni, ombeni, lakini maji mnywe. Zoezeni miguu mapema, hata kama mnapasua mawe kila siku. Ukiona mkojo mweusi usione haya wala usimeze vidonge. Nenda hospitali siku hiyohiyo. Jumamosi mtanikuta Isinya kwa yule yeyo, na mtungi wangu. Asiyekunywa hapiti.

Namshukuru Daktari Halima, na zaidi Nekesa. Hadi leo, kila asubuhi nikitoka chooni, ananiuliza kutoka jikoni, "Baba Simiyu, rangi gani?"

Nami najibu kwa sauti, majirani wasikie, "Safi, mama! Safi kabisa!"