Nilibonyeza Chekundu

Basi lilikuwa limeshauacha mji, begi magotini, simu ikaita. Shemeji.

"Shemeji, mashine imeganda. Kipimajoto kinasema thelathini na nane, lakini nimefungua mlango, chumba kinachoma kama tanuri! Nimekata umeme wa hita."

"Kuna kingine umegusa?"

"Sijagusa. Nimenakili tu namba za kwenye kioo, kama ulivyonifundisha."

Nikashuka hapo hapo. Konda akanicheka: "Mzee, umesahau meno?"

Wanaonijua huniita Kiguu na Njia. Shule nimeiokota vipande vipande, huku darasa, kule karakana. Lakini nipe bodi ya zamani ya kompyuta, nitaisemesha mpaka iseme.

Kiwanda kile alikopigia simu kilitotolesha vifaranga. Bodi moja ililinda joto la mayai. Shemeji, mjane wa mdogo wangu, ndiye aliyeangalia mashine. Watoto watatu, mshahara mmoja.

Asubuhi ile niliikagua programu ya bodi. Ndani ya chipu ya bodi kuna kikaguzi. Unaweka alama mahali, programu ikifika hapo inasimama, unasoma namba zake. Mimi niliweka alama pale joto linapozidi na madirisha ya hewa yanapotakiwa kufunguka.

Bodi ina vitufe viwili. Cheusi kinaikatiza programu tu: namba zinabaki, alama zinabaki. Chekundu kinafagia vyote, programu inaanza upya.

Nilipofika, mayai elfu nane yalikuwa yameiva ndani ya maganda. Harufu ile niacheni nayo.

Kwenye kioo cha bodi, mstari mmoja wa namba.

Nikazisoma. Programu ilikuwa imesimama kwenye alama yangu mimi. Madirisha yamefungwa, hita zimeachwa zikiwaka mpaka shemeji alipozikata umeme, kipimajoto kimekwama kwenye namba ya mwisho.

Asubuhi, nikiwahi basi, nilibonyeza cheusi badala ya chekundu. Nikairuhusu programu iendelee, nikaondoka zangu napiga mluzi.

"Fundi," meneja akauliza nyuma yangu, "ni mashine au ni mtu?"

Shemeji alikuwa mlangoni, daftari kifuani.

Kidole changu kikabonyeza chekundu kabla sijajua nimeamua nini. Kioo kikawa kitupu. Kisha programu ikaanza upya, feni zikavuma, madirisha yakafunguka yenyewe.

"Unaiona mwenyewe, bosi. Nzima."

Meneja akamgeukia shemeji. "Mama, ulikuwa umelala?"

"Nilikitazama kipimajoto kila nusu saa. Thelathini na nane, thelathini na nane."

"Fundi, kinaweza kukwama?"

Nilikuwa nafunga zipu ya begi. "Sijawahi kuona."

Shemeji alinitazama. Mimi, si meneja. Alifukuzwa kabla ya saa ya chakula.

Nilikaa miaka miwili bila kukanyaga kwake. Nilipopita, alinikaribisha kiti, akaniwekea daftari mapajani.

Ukurasa wa mwisho: saa, tarehe, na ule mstari wa namba. Chini yake, kwa mwandiko wake: *Alama ya shemeji, ya asubuhi.*

"Ulijua?"

"Si mimi niliyekushikia tochi ukiiweka?"

"Mbona hukusema?"

"Nilikuwa nakusubiri useme wewe."

Sikuwa na pa kuweka uso.

Ndugu msomaji, ukikosea, usikimbilie kufuta. Kisome kwanza kilichoandikwa, tena kwa sauti, mwenye kuumia akiwa anasikia.

Kesho yake nilikwenda kwa meneja, nikamweleza yote. Akasema mashine ile waliiuza kama chuma chakavu, nisimpotezee muda. Sasa ana duka la vyakula vya kuku. Mtoto mkubwa wa shemeji aliacha shule mwaka ule wa mayai, anapaka rangi magari. Wadogo wawili wanasoma. Shemeji anashona sare za shule sebuleni, na cherehani yake ikikwama naitwa mimi.

Ananiita fundi. Haniiti tena shemeji.